TAHADHARI: "Wakala wa pensheni" anayewazungukia wanaorudi nyumbani

Jamani, wote mnaofunga virago kurudi nyumbani kutoka Uingereza, msimpe hata senti huyu kijana anayejiita wakala wa pensheni. Kala pauni 650 zangu, na namba yangu ya bima ya taifa (National Insurance, ile ya michango ya pensheni) anayo. Naandika huku mikono inatetemeka.

Mimi nami najiandaa kurudi nyumbani Tanga, Tanzania. Kijana kaja Jumamosi, kaletwa na mtu wetu wa karibu. Viatu kavua mlangoni, "Shikamoo mama", chai kanywa, vitumbua kala na vya kufungiwa akachukua! Kisha akafungua kompyuta: "Mama, ukihamia Tanzania pensheni yako ya serikali ya Uingereza inagandishwa." Na hilo ni kweli. Ukiwa Tanzania au Kenya unalipwa, ila kiwango kinabaki pale pale ulipoanzia, hakipandi kila mwaka kama cha waliobaki huku. Ukihamia Mauritius kinapanda. Yote aliyataja sawasawa, pamoja na ile miaka 10 ya michango ndipo upate chochote, na 35 ndipo upate kamili. Mtu anayeyajua hayo utamshukuje? Nimeogesha wazee wa watu usiku na mchana kwa ajili ya pensheni hiyo, nisingemsikiliza?

Ndipo akasema Tanzania nayo imeshasaini na Uingereza mkataba wa kupandishiwa pensheni kama Mauritius, ila lazima ujisajili kabla hujapanda ndege, na dirisha linafungwa Ijumaa. Akanionyesha barua ina nembo ya taji. Nikatuma hela pale pale mezani, naye ananiombea dua. Mshenzi!

Nimepiga simu kituo cha pensheni Newcastle. Mkataba hakuna, usajili hakuna. Kudai pensheni ukiwa ng'ambo ni bure. Kuangalia rekodi ya michango kwenye tovuti ya serikali, bure pia.

Afungwe huyu, na akitoka afungwe tena. Anakula jasho la wazee! Na aliyemleta kwangu aje ajieleze mbele ya watu, asijifiche nyuma ya "sikujua".

Akaunti aliyonipa ilikuwa na jina la mwanamke, risiti akasema itakuja kwa barua pepe, na kila nikisema nimuulize kwanza binti yangu anakumbushia Ijumaa.

Polisi nimeripoti. Nasikia sasa yuko mji wa Reading. Kama nawe kakula, niandikie faragha, majina yakiwa mengi watatusikiliza.