Nilivyopofushwa na Probox yangu mwenyewe: miezi minane na taa za LED

Nianze na buti ya gari, maana huko ndiko yote yalikoanzia. Kazi yangu ni samaki. Mara tatu kwa wiki natoka Kisumu saa tisa usiku na Probox yangu, omena na mbuta nyuma, ili kukipambazuka niwe nakaribia soko la Nakuru. Tunapakia ufuo wa Dunga, gizani, buti ikiwa wazi zaidi ya nusu saa na kitaa cha ndani kikiwaka muda wote huo. Betri nayo ilikuwa imechoka. Wiki moja nilisukumwa mara mbili na vijana wa pale ufuoni, na mtu aliyewahi kusukuma gari lenye kilo mia tatu za samaki ataelewa kwa nini mara ya pili walidai walipwe kwanza.

Mmoja wao ndiye aliyeniambia, "Mama, si utoe hiyo globu uweke LED?" Nikanunua kitaa kimoja kwa shilingi 100. Globu ya zamani ilikuwa ya wati 10. Hiki kinakula wati moja na ushee, na buti ikawa nyeupe hadi unaona mchanga uliojificha ndani ya omena. Kazi yenyewe haihitaji fundi. Unachomoa, unachomeka. Kisipowaka usikitupe, kwani LED ina upande wa chanya na wa hasi, kigeuze tu. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu niende kumgombeza mwenye duka kabla mpwa wangu hajakigeuza kikawaka.

Hapo ndipo tamaa iliponiingia. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nimebadilisha kila kitu: taa ndogo za mbele, ya nambari, ya paa, za breki, indiketa, na mwisho taa kubwa. Sasa ni miezi minane. Nyingine nazisifu hadi leo, nyingine nimezing'oa, na taa kubwa zilinitia aibu ambayo nitaisimulia ilivyo.

Za breki ndizo ninazozipenda kuliko zote. Globu ya kawaida ni uzi unaopashwa moto mpaka uwake, na huchukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde kuiva. LED huwaka papo hapo. Unaweza kuudharau muda huo, lakini piga hesabu: gari lililo kwenye kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo anayekufuata anapata onyo akiwa bado na mita nne na kitu za ziada. Nikiteremka Salgaa na trela mgongoni, mita nne nazitaka sana. Ila nunua LED nyekundu kwa kioo chekundu. Nilianza na nyeupe kwa sababu ndizo zilizokuwepo, na breki zikatoa rangi ya waridi iliyofifia. Mwanga mweupe wa LED hutoka kwenye chembe ya bluu iliyopakwa unga wa manjano. Bluu ni nyingi, wekundu ni haba, na kioo chekundu hakipitishi kingine.

Indiketa zilinichosha. Globu yake ni ya wati 21, na ile flasha, yaani rilei (swichi ya umeme) inayozipepesa, imezoea mzigo huo. Ukiweka LED ya wati 3 inadhani globu imeungua, basi inapepesa mbio mbio kama mtu aliyeingiwa na vumbi machoni. Fundi akataka kuniwekea rezista. Kazi ya rezista hapo ni kula zile wati ulizodhani umeokoa na kuzigeuza joto. Nilishika moja baada ya dakika chache ikaniunguza kidole. Njia nyingine ni kununua flasha ya kielektroniki isiyojali mzigo. Nikafikiri, nikarudisha globu zangu za shilingi 50 na mambo yakaisha.

Sasa taa kubwa.

Probox yangu inatumia H4, globu moja yenye nyuzi mbili, wati 55 za dimu, yaani mwanga wa chini, na wati 60 za fulu, yaani mwanga wa mbali. Zilikuwa zimefifia zikawa kama koroboi, na barabara yangu si ya koroboi. Kati ya Ahero na Awasi utakuta trekta la miwa lisilo na taa hata moja nyuma, boda aliyefunika taa yake kwa gunia, ng'ombe aliyelala kwenye ukingo wa lami kwa kuwa lami ina joto. Ukianza kupanda Kericho unakutana na mvua, Londiani hadi Mau Summit ni ukungu. Nikaona LED ndiyo dawa.

Duka moja la spea mjini liliniuzia jozi kwa shilingi 3,500. Boksi liliandikwa lumeni 20,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga). Baadaye fundi alipima umeme uliokuwa ukiingia akapata wati 28 kwa kila taa. LED iliyotengenezwa vizuri hutoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa wati. Zidisha mwenyewe uone hiyo 20,000 ilitoka wapi.

Usiku wa kwanza nilipita Nyamasaria nikiimba. Lami mbele ya bampa ilikuwa nyeupe kama unga wa ugali, mistari yote inaonekana, hata kokoto. Ilinichukua safari kadhaa kugundua kwamba uzuri wote huo uliishia karibu. Jicho hujirekebisha kulingana na kile kinachong'aa zaidi mbele yake. Lami ya mita kumi ikimeremeta, mboni inasinyaa, na kule mita themanini panabaki giza tupu. Trekta la miwa pale karibu na Awasi nililiona nimeshalifikia. Nilikanyaga breki hadi gunia la omena likaja kukaa na mimi mbele kama abiria.

Mvua ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Lami ikilowa, ule mwanga mweupe unamezwa, mistari inapotea, na unabaki unakisia. Kwenye ukungu wa Mau Summit nilikuwa kama nimewekewa shuka mbele ya kioo. Madereva wengi huamini kwamba mwanga wa manjano hukata ukungu. Ukweli ni kwamba matone ya ukungu ni makubwa mno kuchagua rangi. Yanarudisha manjano na nyeupe karibu sawa. Kinachokuumiza ni mwanga unaopanda juu badala ya kushuka barabarani, kisha ukiwa na bluu nyingi macho yanachoka upesi. Taa zangu zilikuwa na makosa yote mawili.

Na kulikuwa na vituko vidogo. Nikiwasha taa, Radio Ramogi inageuka sauti ya samaki anayekaangwa. Kifaa kinachoendesha zile LED hutoa mawimbi yanayoingilia redio. Halafu mgongoni mwa kila taa kuna feni ya kuipooza, kwa sababu joto la LED haliendi mbele kama la halojeni, ile globu ya kawaida ya uzi, linabaki nyuma kwenye chuma chake. Feni hiyo ilizuia mpira wa kuziba vumbi usirudi mahali pake. Fundi akasema, "Mama, hiyo haina shida." Mwezi wa tatu kioo cha kushoto kikawa na umande kwa ndani, na mwezi wa nne feni ya upande huo ikanyamaza. Taa haikufa mara moja. Ilikuwa inawaka vizuri dakika kumi, kisha inajipunguza yenyewe.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kitu ambacho sikukielewa ni wenzangu barabarani. Kila niliyekutana naye alikuwa ananimulika fulu mara mbili, tatu. Nanyi mnajua maana yake kwetu: mbele kuna trafiki. Basi napunguza mwendo, natafuta leseni, nakaa sawa, nafunga mkanda vizuri. Kilomita tano, kumi, hakuna polisi hata mmoja. Nikawa namwambia mpwa wangu kwamba siku hizi madereva wamekuwa waongo.

Mpaka usiku ule wa Kapsoit. Gari la mwenzangu wa biashara liliharibika, nikashuka kukaa naye, mpwa wangu akaenda na Probox Kericho kutafuta fundi. Saa moja baadaye tukaona gari linakuja kutoka juu. Jamani, mwanga ule! Niliinua leso nikajifunika uso. Sikuona barabara, sikuona mtaro, sikumwona hata mwenzangu aliyesimama kando yangu. Nikapiga kelele kwa sauti ya sokoni, "Wewe mjinga, shusha taa! Unataka kutuua?" Gari likasimama mbele yetu, kioo kikashuka, na sauti ya upole ikasema, "Anti, ni mimi. Na nimedimu."

Mwenzangu alicheka hadi akaketi chini. Mimi nilikuwa nawaza wale wote walionimulika kwa miezi, waliokuwa wananiomba tu niwaachie nafasi ya kuona.

Fundi niliyempelekea safari hii ni mzee mmoja wa Kibuye anayeshughulika na umeme wa magari tu, haongei sana. Hakugusa chochote mwanzoni. Alisimamisha Probox mita kumi kutoka ukuta wa ghala, akasubiri giza, akawasha dimu. Kwenye ukuta palikuwa na wingu jeupe lisilo na mpaka. Akatoa LED moja akaweka halojeni ya kawaida. Ukutani ukatokea mstari kama uliochorwa kwa rula: juu giza, chini mwanga, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo. Ule mpando ni wa kumulika ukingo wa barabara bila kumgusa anayekuja, na magari ya Japani yanatufaa hapo kwa sababu wao nao huendesha kushoto.

Akanieleza hivi. Kioo cha ndani ya taa kilichorwa kwa ajili ya uzi wa milimita chache uliokaa mahali pamoja, na ndani ya H4 kuna kijiko cha chuma chini ya uzi wa dimu kinachozuia mwanga usirushwe juu. Hizi LED zimebandikwa pande mbili za ubao mnene, kwa hiyo hakuna iliyokaa pale uzi unapokaa, na kijiko chake ni cha kuiga tu. Ukikosea milimita moja pale nyuma, kule mbele umekosea mita. Nikamuuliza mbona magari mapya yanakuja na LED na hayapofushi watu. Akasema yale yaliundwa na LED toka mwanzo, kioo na taa ni kitu kimoja. Baadaye nilisoma kwamba Lexus LS 600h ndilo gari la kwanza kuuzwa na dimu za LED, mwaka 2007, kwa hiyo si teknolojia ya jana. Changu kilikuwa kiraka.

Kisha akanionyesha ugonjwa wa kweli. Injini ikinguruma, betri ilisoma volti 13.8. Kwenye soketi ya taa zilifika 12.1. Nilimwambia tofauti ni ndogo, akatikisa kichwa. Globu ya halojeni ikikosa asilimia 10 ya volti hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Yangu ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi kabla mwanga haujafika kwenye kioo, na kioo chenyewe kilikuwa cha manjano kama kucha za mvuta sigara. Waya wa hasi ulikuwa umeliwa na kutu pale unapofungwa kwenye bodi. Gari la samaki halikosi maji.

Alivuta waya mpya kutoka betri na rilei yake, akakwangua kutu akafunga hasi upya: shilingi 1,500 na vifaa. Kijana wake akasugua vioo kwa msasa laini na maji, kisha polishi, shilingi 1,000. Globu mbili za halojeni, shilingi 350 kila moja. Akamalizia kwa bisibisi ya nyota nyuma ya taa, mpaka ule mstari ukashuka sentimita 10 chini ya kimo cha taa pale kwenye ukuta wa mita kumi. Jumla 3,200. Nilikuwa nimelipa 3,500 kwa zile za kupofusha watu.

Hazing'ai kama zile, nakubali. Ukiniona stendi huwezi kusema nina taa mpya. Lakini boda asiye na taa namwona mapema, mvua ya Kericho napita bila kunyoosha shingo kama twiga, na Ramogi imerudi. Wiki iliyopita kabla ya Londiani mtu alinimulika mara mbili. Nikapunguza mwendo kwa mashaka, nikifikiri ugonjwa umerudi. Mita mia tano mbele, trafiki hawa hapa, wamesimamisha lori la chai.

Za buti, za ndani, ya nambari, taa ndogo na za breki zote bado ni LED, na haijaungua hata moja. Ile LED kubwa iliyokufa feni niliitupa. Ile nyingine mpwa wangu aliiunganisha na betri ya sola kibandani kwangu, ikaangalia juu, feni ikivuma usiku kucha. Tunachambulia omena chini yake.