Darasa la Kadari na Hiari, Ujiji: Maoni ya Mwanafunzi Aliyelipa Ada

Kwa Jumamosi nne mfululizo, baada ya sala ya alasiri, nilihudhuria darasa linalofanyika katika chumba cha nyuma cha duka moja karibu na soko la Ujiji. Ada ilikuwa shilingi 15,000 na swali lilikuwa moja: ikiwa Mungu alijua tangu azali kwamba kesho nitasema uongo, je, kesho nitakuwa na uwezo wa kutousema? Waislamu na Wakristo tuliketi mkeka mmoja, jambo ambalo Ujiji halimshangazi mtu.

Kipindi cha pili ndicho kilichonifanya niandike. Mwalimu alitoa mfano wa dagaa: kila mkazi wa Kigoma anajua kwamba siku za mbalamwezi mitumbwi mingi haiendi kuvua, kwa kuwa taa hazivuti samaki ipasavyo, lakini kujua kwetu hakumzuii mvuvi yeyote kutoka. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akisikiliza huku amefumba macho, akamjibu: "Mwalimu, mimi nikijua naweza kukosea. Mungu hakosei. Hapo mfano wako umezama." Tulicheka, ila mwalimu hakucheka. Aliandika ubaoni sentensi mbili, "Ni lazima anachokijua Mungu kitokee" na "Anachokijua Mungu hutokea kwa lazima", kisha akatumia karibu saa nzima kuonyesha kwamba ya kwanza haizai ya pili: ukijua kwamba fulani ameketi, basi hapana budi awe ameketi, ilhali yeye mwenyewe angeweza kusimama. Kwa maelezo hayo pekee niliona ada yangu imerudi.

Mzee hakuridhika, nami nipo upande wake. Alichotaka kujua ni habari ya jana: kama Mungu alikwisha kujua jana, na jana haibadiliki, basi kesho yangu imefungwa pamoja nayo. Mwalimu alimjibu kwa hoja ya Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi aliyeiandika kifungoni katika karne ya 6 akingoja kuuawa, kwamba kwa Mungu hakuna jana wala kesho, bali huona yote kwa pamoja kama sisi tuonavyo kilicho mbele yetu. Hoja hiyo ina uzuri wake, lakini inalegea inapokutana na utabiri. Petro aliambiwa kwamba atamkana Yesu mara tatu kabla jogoo hajawika. Maneno hayo yalitamkwa ndani ya wakati, yakasikika masikioni mwa watu, yakapita kabla ya tendo lenyewe. Niliuliza, nikaahidiwa jibu katika kipindi cha nne, nalo halikuja.

Kipindi hicho kilibanwa mno. Fundisho la al-Ash'ari, mwanatheolojia wa Kiislamu, la kasb (kuchuma), kwamba Mungu huumba tendo na mwanadamu hulichuma, lilielezwa kwa haraka, na Luis de Molina, padre Mjesuiti wa Hispania aliyetetea mwaka 1588 kwamba Mungu anajua hata kile ambacho kila mtu angekitenda kwa hiari yake katika kila hali, alipewa dakika kumi. Nakala tulizogawiwa nazo zilikuwa hafifu. Ukurasa wa saba hausomeki kabisa.

Pamoja na hayo nimekwisha jiandikisha tena. Awamu ijayo itaanza siku za mbalamwezi, kwa ombi la yule mzee, maana siku za giza yeye huwa ziwani.