Eti nani alinituma niende nalo Muheza

Naandika haya nikiwa na hasira, na hasira yenyewe si ya leo, ina miezi. Kwa hiyo anayetaka kujua gari lina kilowati ngapi na buti inabeba masanduku mangapi akatafute kwingine, hayo yamejaa tele. Mie nimekwama kwenye sentensi moja tu, aliyonijibu kijana aliyetuuzia gari letu la umeme.

"Mama, kwani nani alikutuma uende nalo Muheza?"

Kwa msiojua, Tanga mjini hadi Muheza ni kama kilomita 35. Wazee wetu walikuwa wakienda kwa baiskeli asubuhi na jioni wamerudi, tenga la machungwa limefungwa nyuma. Sikwenda Kigoma mie. Hata Korogwe sikufika. Nilikwenda kwenye hitima ya shangazi wa mume wangu, na mama mkwe nimempakia siti ya mbele, na yeye si mtu wa kupakiwa gari la majaribio.

Nirudi nyuma kidogo. Tunakaa Sahare, hapa Tanga mjini. Tulikuwa na Toyota Noah kuukuu, na mume wangu alikuwa na pikipiki yake ya kwendea kazini. Noah ile ilikuwa inakunywa mafuta kama ina kiu ya urithi: kupeleka watoto shule, soko la Mgandini, kuwarudisha, madrasa jioni, laki tatu kasoro inakatika kwa mwezi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wasimamizi wa mafuta na umeme, wakitangaza bei mpya za mafuta, nilikuwa naisikiliza bei ya Tanga kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Ndipo baba watoto akaja na habari zake za umeme. Noah ikauzwa, pikipiki ikauzwa, tukachukua gari dogo la Kijapani la umeme, mtumba, pamoja na pikipiki ya umeme. Pikipiki sina neno nayo. Betri inachomolewa, inaingizwa ndani inachajiwa pembeni ya friji, asubuhi mtu anaondoka. Tuiache.

Gari nililipenda, na nitasema kweli hata kama inaniharibia hasira. Wiki za mwanzo nilikuwa nikitafuta sababu ya kutoka. Halina kelele. Watoto wakaliita friji lenye matairi. Kiyoyozi unawasha mmekaa tu mnamsubiri mtu nje ya zahanati, na hakuna injini inayonguruma. Tabu yake ni hapa kwetu, mji wa baiskeli: mtu yuko mbele yako katikati ya barabara, anapiga soga na mwenzake, hakusikii kabisa. Nimejifunza kupiga honi mapema na kuomba radhi kwa mkono.

Hesabu ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, nayo ilinipa raha. Uniti moja kwetu inatoka kama shilingi 356 ukijumlisha kodi na makato. Kwa mizunguko yetu ya mjini gari lilikuwa linakula elfu sitini hivi kwa mwezi. Kutoka laki tatu! Baba watoto akataka kwenda mbali zaidi, akavuta waya kutoka kwa mama yake, nyumba ya pili, kwa kuwa mama yupo kwenye ule umeme wa watumiaji wadogo. Alisahau kwamba ule nafuu ni wa uniti 75 za mwezi, ukipita hapo kila uniti inapanda mara tatu na zaidi. Siri ilidumu mwezi mmoja. Mama mkwe alinunua umeme wa elfu tano, akapiga hesabu zake kwa vidole, akaja mlangoni na ile karatasi. Waya ukarudi kwetu siku hiyohiyo.

Soketi ya kwanza iliyeyuka, nalo niliseme. Gari linavuta umeme usiku kucha, kwa muda wa saa saba hata nane mfululizo, na sisi tulikuwa tumechomeka kwenye ekstensheni ya kupigia pasi. Saa nane za usiku nikasikia harufu ya mpini wa sufuria unaoungua. Nimetoka na tochi, plagi imeshikana na soketi, nyeupe imekuwa rangi ya chai. Fundi umeme akaja akatucheka, akavuta waya mnene peke yake kutoka meni swichi. Bado kile kiboksi cha kwenye kebo ya kuchajia kikawa kinawasha taa nyekundu, hakitaki. Kumbe nyumba ilikuwa haina ethi ya maana, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Miaka yote tunaishi, friji linafanya kazi, tivii inafanya kazi, hakuna aliyejali. Gari ndilo lilikuwa la kwanza kukataa. Akachimbia fimbo ya ethi nyuma ya choo, tukaimwagia maji, taa ikawa kijani. Kwa hilo namshukuru gari, na kumshukuru gari ni jambo ambalo sikutegemea maishani.

Sasa Muheza.

Asubuhi kioo cha dashibodi kilisema chaji iliyopo inatosha kilomita 110. Safari yetu, kwenda na kurudi, pamoja na kuingia ndani kidogo barabara ya Amani, haizidi 90. Nikasema tunarudi na salio. Nisichojua ni kwamba ile namba inakisiwa kwa mwendo wako wa siku zilizopita, na siku zangu zilizopita zilikuwa za kutambaa mjini, Ngamiani, nyuma ya bajaji. Barabara kuu ni kitu kingine. Unakwenda themanini, tisini, kiyoyozi kinavuma kwa ajili ya bibi, watu wazima watatu na watoto wawili ndani, na wakati wa kurudi gunia la machungwa kwenye buti, maana hutoki Muheza mikono mitupu. Namba ilikuwa ikishuka kilomita tatu kila nikienda mbili. Nikazima kiyoyozi. Mama mkwe akafungua dirisha, hakusema kitu, akaanza kujipepea na mtandio.

Tulipokaribia Pongwe, kabla ya kuingia Tanga mjini, ikawaka taa ya kobe.

Sitanii. Ni kataa ka njano, kana umbo la kobe, kichwa, gamba na miguu. Maana yake gari limeishiwa na sasa litakwenda linavyotaka lenyewe. Nakanyaga, halina habari. Nyuma yangu lori la saruji linapiga honi, nyuma ya lori basi la kutoka Dar. Nikajivuta pembeni kabisa, na hapo ndipo baiskeli ikatupita. Baiskeli! Kijana amebeba majani ya ng'ombe, akageuza shingo dirishani, "Shikamoo bibi," akatuacha.

Tukajikokota hadi kwenye duka moja la barabarani. Mwenye duka, mzee wa makamo, alitutazama, akatazama waya, akasema chomekeni tu, ila umeme uliobaki ni kidogo. Baba watoto akamwomba namba ya mita, akamnunulia umeme wa elfu mbili kwa simu. Tokeni ikaja, kaingiza, uniti moja na kitu. Tukatazamana. Kumbe mwezi ulikuwa mpya na kodi ya jengo ya mzee wa watu, inayokatwa humohumo kwenye LUKU, ilikuwa haijakatwa, shilingi 1,500 imekwenda zake. Tumemlipia kodi. Tukanunua tena.

Tuliswali magharibi pale, tukaswali na isha. Watoto walikula machungwa mpaka midomo ikawasha. Mama mkwe alikalia kreti la soda akawa anasimulia kwamba treni ya kwenda Moshi enzi za injini za mvuke nayo ilikuwa ikisimama hivihivi kunywa maji, watu wanashuka, wananunua mihogo, wanapanda tena. Nadhani alikuwa ananifariji. Kwa mama mkwe huwezi kuwa na uhakika.

Ndipo nikampigia yule kijana. Nilianza kwa adabu kabisa.

"Samahani mwanangu, gari limewaka taa ya kobe."

"Ya nini?"

"Kobe."

Akacheka. Nikasikia anamwambia mtu wa pembeni, kobe, na yule mtu naye akacheka. "Mama, hiyo chaji tu imeisha. Umelitoa wapi?"

"Muheza."

Hapo ndipo akaniuliza nani alinituma. Kisha akaongeza: "Hayo ni magari ya mjini, mama. Muwe mnauliza kabla ya kununua."

Muwe mnauliza! Mie niliuliza. Nilisimama kwenye yadi yake Dar, jua la utosi, nikamuuliza kwa Kiswahili hiki hiki: nikienda shamba na kurudi? Akapiga bati la gari kwa kiganja, "Mama, hili popote." Nikamuuliza betri. Akawasha, akanionyesha kioo: "Angalia mwenyewe, imejaa." Na kweli ilikuwa imejaa.

Wiki iliyofuata fundi mmoja wa Ngamiani ndiye aliyenifungua macho. Kwenye kile kioo, upande wa kulia, kuna vijiti vya aina mbili. Vile vinene ni chaji ya leo. Vile vyembamba vilivyobanana pembeni ni afya ya betri yenyewe, na gari likiwa jipya vinakuwa 12. Letu vimebaki 8. Yaani theluthi ya betri ilishazikwa kabla hata sijaliona. Ni kama kuuziwa ndoo ya lita 20 ambayo ndani mna matofali: ukijaza maji inajaa, muuzaji hajasema uongo. Fundi akaniambia pia kwamba betri za magari ya mwanzo kama hili hazina maji ya kupozea, zinapoa kwa upepo tu, na joto ndilo linalozila. Nikalifikiria likiwa uani kwetu mchana wa kaskazi. Nikamwambia baba watoto ajenge banda la makuti jioni ile ile. Amejenga. Gari lina kivuli kuliko mimi.

Nikampigia kijana tena kumuuliza habari ya vijiti. Safari hii hakucheka, alikata simu. Nikatuma ujumbe, umesomwa, kimya. Sijui kwa nini hili la kukata simu haliniumi kama lile la Muheza. Labda kwa sababu aliyekata simu najua ameona haya. Yule wa Muheza hakuona kitu, aliona mama wa mkoani na kobe wake.

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa msinunue. Niliuandika hivyo kabisa mwanzoni, nikaufuta. Maana mjini, kwa shule, soko na madrasa, hakuna gari nililowahi kuendesha linalolifikia hili, na ile laki mbili na kitu inayobaki kila mwezi imeshalipa ada ya muhula. Kisha nakumbuka kwamba nyumba yenye gari moja lisilofika Muheza haina gari, ina baiskeli ya milango minne. Mwezi uliopita tulikwenda kwenye harusi Lushoto kwa basi, nimevaa dera jipya, nimebeba mtoto mapajani, na gari liko nyumbani limejaa chaji. Niliapa linauzwa.

Na mteja alikuja. Mwanamume wa Makorora, mtu mzima, mstaarabu. Akalizunguka. Akafungua lile tundu la pili la mbele, la chaji ya haraka, ambalo kwetu halijawahi kuchomekwa kitu na watoto wamelifanya mchezo wa kufungua na kufunga. Akasema bei niliyotaja ni kubwa kwa gari lisilo na injini. Lisilo na injini! Nikajikuta nalitetea kama mtoto wangu. Nikamwonyesha LUKU za miezi mitatu, nikamwonyesha ethi, nikampeleka mpaka nyuma ya choo. Na vijiti nikamhesabia kimoja kimoja, vyote vinane, nikamweleza vinne vimekwenda wapi.

Akatikisa kichwa, akauliza, "Sasa mama, Muheza linafika?"

Ulimi ulishafika kwenye meno. Nikaumeza.

"Linafika," nikamwambia. "Kurudi ndiyo shughuli."