Pleti za kupimia mwendo wa seli: breki ya mwendo utaiona, mengine sahau

Nimezitumia hizi pleti za vikombe vyenye utando wa vitundu kama miezi mitatu hivi, acha niseme. Tulitaka kuona zile protini za kuongoza neva zinafanya nini kwa seli nyeupe za damu, maana neva ya kiinitete ikiwa inatafuta njia kuna protini zinaivuta na nyingine zinaifukuza, sasa kumbe kinga nayo inazitumia hizohizo, na tangu 2001 ilishaonyeshwa kwamba Slit, mojawapo ya hizo za kufukuza, inazuia seli nyeupe zisikimbilie kimokaini, yaani protini ndogo inayoziita seli ziifuate.

Unaweka seli juu, CXCL12 (kimokaini mojawapo) chini, unasubiri masaa mawili matatu unahesabu zilizoshuka. Kazi inafanya bwana! Ukiongeza Slit2, aina mojawapo ya Slit, zinagoma, na hazijafa maana tulipima, zimekataa tu kushuka. Nilirudia mara tatu sikuamini.

Ila kijitabu chake kimetuchosha. Eti vitundu vya mikroni 8 vinafaa seli zote, wapi! Limfosaiti, zile seli nyeupe ndogo, zinadondoka zenyewe hata chini kukiwa hakuna kitu, wiki nzima tunabishana nani kakosea kupipeti. Chukua za mikroni 5, kwa neutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, za mikroni 3. Halafu angalia viputo vya hewa chini ya kikombe, kikikaa kimoja tu hesabu yote imeharibika. Netrini nayo, protini nyingine ya kuongoza neva, inanata kwenye plastiki, weka albumini kidogo (protini ya kuzuia kunata) la sivyo unapima maji.

Kinachonikera zaidi ni boksi kuandikwa "kamili kwa utafiti wa kinga". Kamili vipi? Pleti inapima mwendo, basi. Semaforini 4D, nayo ni ya kuongoza neva, ile wataalamu wa kinga wanaiita CD100, inakaa juu ya seli T na inaishika CD72, protini iliyo juu ya seli B (T na B zote ni limfosaiti), na CD72 ndiyo breki ya seli B, ikishikwa hivyo breki inaachia na seli B inachangamka. Hapo hakuna aliyesafiri, ni kugusana tu, kwa hiyo pleti itakuonyesha sifuri na wewe utaandika semaforini haina kazi.

Kwa netrini-1 lakini naisifia. Makrofaji, seli nyeupe zinazomeza uchafu, zikishashiba mafuta kwenye ukuta wa mshipa zinaitoa zenyewe halafu inazizuia zisitoke, kwa panya ilionekana 2012, na swali kama hilo la nani katoka nani kabaki hizi pleti zinaliweza.

Nyota tatu na nusu. Nitaagiza tena, za mikroni 5, kijitabu wabaki nacho.