Kununua kenchi za mbao za kiwandani: ipi iwe ya kwanza, ipi isinunuliwe

Kenchi ya mbao, ile fremu inayobeba paa, ikiwa na urefu wa mita 9 mara nyingi ina unene wa milimita 38 tu. Gawanya mwenyewe: urefu ni zaidi ya mara 230 ya unene. Ikisimama wima juu ya kuta mbili na kushikwa vizuri, inabeba bati, dari na upepo kwa miaka mingi. Ilaze ubavu, watu wawili waishike kwenye ncha, itapinda kama ufito mbichi. Ikishapinda, meno ya chuma yaliyoshika viungo huanza kung'oka kidogo kidogo, na hakuna atakayeona mpaka paa lianze kubonyea.

Ndiyo maana anayenunua kenchi zilizotengenezwa kiwandani ananunua vitu viwili kwa pamoja: mbao zilizounganishwa, na maelezo ya kuzifikisha juu ya ukuta zikiwa bado nzima. Wauzaji wengi hukuuzia cha kwanza na kukaa kimya kuhusu cha pili. Mpangilio wangu hapa unapima vyote viwili, na muuzaji asiyetoa michoro nimemshusha hata kama mbao zake ni nzuri.

Kwanza, jambo moja kuhusu kiungo chenyewe. Kenchi za kiwandani huunganishwa kwa bamba la meno: kipande cha chuma kilichopakwa zinki, unene wake karibu milimita 1, kilichotobolewa kwa mashine hadi meno yakatokeza upande mmoja. Mwaka 1955 John Calvin Jureit, huko Florida nchini Marekani, alitoa bamba ambalo meno yake yenyewe ndiyo misumari, na tangu hapo kazi hii ikahamia karakana. Mabamba hukandamizwa kwa presi pande zote mbili za kiungo kwa wakati mmoja. Hayapigwi nyundo. Ukimwona fundi anarudishia bamba lililolegea kwa nyundo, msimamishe, maana meno yanajikunja ndani ya mbao na bamba linabaki limeshikilia kwa macho tu.

1. Kenchi ya umbo la W, ikija na karatasi zake tatu

Kwa nyumba ya kawaida ya kuishi, yenye upana wa mita 5 hadi 11 hivi kutoka ukuta hadi ukuta na paa la mteremko wa pande mbili, hii ndiyo ya kwanza na sioni ya kuifikia. Mbao za ndani zinachora herufi W, zinagawa mbao ya juu na ya chini vipande vifupi, na kila karakana inaijua. Inatumia mbao kidogo kwa kazi kubwa.

Lakini nafasi ya kwanza nimeipa kifurushi kizima. Karatasi ya kwanza ni mchoro wa kila aina ya kenchi: mizigo iliyokadiriwa, ukubwa na daraja la kila mbao, ukubwa wa kila bamba, na sehemu ambazo kenchi lazima ikalie. Ya pili ni mpangilio wa paa zima, ikionyesha kenchi namba ngapi inakaa wapi na umbali kati yake, ambao mara nyingi ni milimita 600. Ya tatu ni mchoro wa mbao za kukaza, za muda wakati wa kupaua na za kudumu zitakazobaki ndani ya dari. Muuzaji akikupa bei bila karatasi hizi, bei hiyo haijakamilika.

Na michoro hiyo haiwezi kuwa sahihi kuliko ulichomwambia mtengenezaji. Mpe upana halisi uliopimwa kwenye kuta zilizosimama, ncha zote mbili na katikati, kwa sababu kuta hukataa kufuata ramani. Mpe mwinuko wa paa, urefu wa upenu, na kasi ya upepo ambayo kanuni za ujenzi za mahali pako zinataka. Mwambie utaezeka kwa nini. Bati jembamba lina uzito wa kilo 5 hivi kwa mita ya mraba, ilhali vigae vya zege vinafika kilo 45 na kuendelea. Kenchi iliyopigiwa hesabu ya bati haiwezi kubebeshwa vigae baadaye eti kwa sababu umepata hela. Sola nayo iseme mapema, kwani paneli na reli zake huongeza kilo 10 hadi 15 kwa kila mita ya mraba zinapokaa. Tangi la maji ndilo linalosahaulika kuliko vyote: lita 1,000 ni tani moja nzima ikisimama juu ya kenchi mbili au tatu. Liseme, na useme litakaa wapi.

Uliza pia unyevu wa mbao. Kipimo kinachokubalika sana ni asilimia 19 au chini ya hapo wakati wa kukandamiza mabamba. Mbao mbichi ikikauka husinyaa, nayo ikisinyaa inayatema meno.

Kama kuna mchwa au unyevunyevu mwingi, dawa ipakwe mbao kabla ya kuunganishwa, na mtengenezaji ajue ni dawa gani. Baadhi ya dawa zenye shaba hula zinki ya mabamba haraka. Hapo inahitajika zinki nene zaidi au chuma kisichoshika kutu, na bei itapanda kwa haki.

2. Seti ya paa la pande nne, yenye kenchi mama

Paa la pande nne ni zuri na linahimili upepo vizuri, ila linaleta kitu kimoja cha kuogopwa: kenchi mama. Hii hutengenezwa kwa kenchi mbili au tatu zinazopigiliwa pamoja ziwe kitu kimoja, halafu kenchi nyingine ndogo zinaning'inia kwake kwa viatu vya chuma, yaani vishikizo vinavyopokea ncha zake. Uzito wa eneo kubwa la paa unapita hapo na kushuka kwenye sehemu mbili tu za ukuta. Hakikisha kuta zako zina nguzo au lenta ya kutosha mahali hapo, na si mahali pengine karibu na hapo.

Kosa la kawaida hapa ni la haraka. Mafundi husimamisha kenchi zinazounda kenchi mama moja moja, kisha wanaanza kuning'iniza ndogo kabla hawajazipigilia pamoja kwa idadi ya misumari au bolti iliyo kwenye mchoro. Ile ya mbele inabeba mzigo wote peke yake huku wenzake wakitazama. Viatu vya chuma navyo vina matundu kwa sababu: kila tundu ambalo mchoro umelihesabu lijazwe, kwa msumari wa aina iliyotajwa. Msumari mwembamba wa bati haufanyi kazi hiyo.

Nimeiweka ya pili kwa sababu makosa yake yanazuilika. Agiza kenchi mama ikiwa imeshaunganishwa karakanani ikiwa una kreni ya kuinyanyua.

3. Kenchi ya nusu

Mteremko mmoja, kwa baraza, gereji au chumba kilichoongezwa ubavuni. Ni rahisi kununua na rahisi kusimamisha. Angalia tu ule upande mrefu umeegemea nini.

4. Kenchi yenye chumba ndani

Hii ina nafasi katikati ya kuweka chumba cha juu, hivyo mbao yake ya chini ni sakafu na inatakiwa kubeba watu, vitanda na makabati. Mbao zake ni nene, uzito wake ni mkubwa, na karibu kila mara inataka kreni. Ukikihitaji chumba kweli, ni njia ya maana ya kukipata. Nimeishusha kwa sababu watu huinunua "kwa ajili ya baadaye" kisha chumba hakijengwi kamwe. Kinyume chake ni hatari zaidi: kununua kenchi ya W, kisha kukata mbao za ndani ili kupata stoo. Kenchi ya W iliyokatwa mbao moja ya ndani si kenchi tena.

5. Kenchi ya mkasi

Mbao ya chini nayo inapanda kuelekea katikati, hivyo dari inainuka kama hema. Sebule au ukumbi unapendeza sana, sikatai. Tatizo ni kwamba kenchi hii ikibeba mzigo hutanuka, miguu yake inataka kusukuma kuta nje. Mhandisi lazima aseme ni milimita ngapi, na upande mmoja uwekewe kishikizo kinachoruhusu kuteleza kidogo. Fundi asiyeelewa hili atapigilia pande zote mbili kwa nguvu, na ufa utajitokeza juu ya ukuta. Inunue ikiwa tu una mhandisi atakayefika saiti.

6. Kenchi za kupigilia misumari saiti

Si za kudharau. Zikiwa na mchoro wa mhandisi, mbao kavu, na vipande vya plaiwudi kila upande wa kiungo, zinasimama vizuri. Ila nyingi hujengwa kwa mazoea, na mazoea hayajui kama umebadilisha bati kuwa vigae.

Usinunue kabisa kenchi zilizotolewa kwenye jengo lingine, wala zilizofupishwa ncha ili zikutoshe. Hesabu yake ilikuwa ya kuta nyingine.

Siku ya kupokea na baada yake

Usitie saini ya kupokea mzigo ukiwa umekaa kivulini. Zunguka. Kila kiungo kiwe na bamba pande zote mbili, mahali palepale. Chukua kadi ya benki, ambayo ina unene wa chini kidogo ya milimita 1: ikipita kati ya bamba na mbao, meno hayajazama, andika namba ya kenchi hiyo. Mbao mbili zinapokutana, mwanya usizidi milimita 3. Kenchi yenye mbao iliyopasuka au bamba lililoinuka usiikarabati mwenyewe. Mtengenezaji alete mchoro wa ukarabati au alete nyingine.

Zikishushwa, zilale juu ya magogo yaliyosawazishwa, kila baada ya mita 2.4 hadi 3, mbali na matope. Zifunikwe juu, pembeni hewa ipite, kwani turubai lililofungwa kila upande linafuga unyevu. Mkanda unaofunga bando usikatwe zikiwa zimesimama bila kuegemezwa. Zikianguka pamoja zinaua mtu.

Kunyanyua kwa mikono kunawezekana kwa ndogo: hadi mita 6 ishikiliwe karibu na kilele, hadi mita 9 ishikiliwe sehemu mbili, kila moja robo ya urefu wake kutoka kwenye ncha. Kwa kreni, kenchi ya hadi mita 9 ifungwe sehemu mbili zilizoachana kwa nusu ya urefu wake, na pembe ya kamba pale juu kwenye ndoano isizidi digrii 60. Zaidi ya mita 9 tumia boriti ya kunyanyulia. Kamba ya kuongozea iwe mikononi mwa mtu wa chini muda wote, na kenchi isining'inizwe kwa mbao moja ya ndani.

Kenchi ya kwanza ndiyo inayoamua. Zote zitakazofuata zitaegemea kwake, kwa hiyo iegemezwe mpaka ardhini kwa mbao imara. Kubanwa kwa msumari mmoja kwenye ukuta hakutoshi. Kenchi zisizozidi mita 9 ziwe na mbao za kuzishikanisha juu kila baada ya mita 3 au pungufu, misumari miwili kwa kila kenchi, na mbao zinapokutana zipishane angalau kenchi mbili. Halafu weka za mshazari. Hizi wengi huziruka, na bila hizo kenchi zote zinaweza kulala pamoja upande mmoja kama kadi, zikiwa zimeshikana vizuri kabisa.

Pima kwa timazi. Mwinamo usizidi sehemu moja kwa hamsini ya kimo, wala milimita 50 kwa vyovyote: kenchi yenye kimo cha mita 1.5 isiiname zaidi ya milimita 30. Mpindo wa ubavuni usizidi sehemu moja kwa mia mbili ya urefu, na huo nao usivuke milimita 50. Kwa mita 9 ni milimita 45.

Bati au vigae visirundikwe juu kabla mbao za kukaza hazijakamilika, na vikipandishwa visambazwe pande zote mbili za mgongo wa paa. Ukuta wa ndani usiohesabiwa kubeba uachwe na mwanya chini ya kenchi. Ukiusukumia mpaka uguse, umeongeza nguzo mahali ambapo mhandisi hakuiweka, na mbao iliyotakiwa kuvutwa itaanza kugandamizwa.

Kisha, kabla fundi umeme na fundi bomba hawajaingia darini, bandika mchoro wa kenchi mlangoni na uwaonyeshe kwa kidole: waya na mabomba vipite kwenye nafasi kati ya mbao, msumeno na keekee zibaki chini.