Printa za leza kwa ofisi ndogo: nilizozitumia Arusha, na kwa nini nimebaki na Kyocera

Ofisi yetu ya uwakili ipo Kaloleni, tuko watu wanne na kazi yetu ni karatasi tupu: mikataba, viapo, majibu ya madai, barua za wateja, kisha nakala za hayo yote maana kila upande unadai ya kwake. Katibu muhtasi ni mimi, hivyo printa ikigoma nusu saa kabla ya wakili kwenda mahakamani, jina linaloitwa korido nzima ni langu. Ofisi jirani zimekuwa zikiniuliza wanunue ipi, na jibu langu huanza na swali moja: drumu ya hiyo printa iko wapi?

Watu wengi dukani huuliza bei na kasi. Kasi si tatizo tena, hata printa ndogo za siku hizi zinatosha ofisi ya watu wanne. Drumu ndiyo silinda ambayo leza huchora maandishi juu yake, unga wa wino unanasa pale pale palipochorwa, unahamia kwenye karatasi, halafu fyuza, ile sehemu ya printa inayopata moto, inauyeyusha ushike. Wino unaisha na drumu inachakaa, ila haviishi kwa pamoja. Kila kampuni imeamua kivyake kama itaviweka katika kopo moja au itavitenga, na uamuzi huo ndio utakaokula hela yako miaka inayokuja.

Chukua HP LaserJet P1102, ile ndogo nyeusi uliyoiona kwenye steshenari nyingi za mjini. Katriji yake, yaani kopo la wino, ni 85A ya kurasa 1,600, na ndani yake wino na drumu vimekaa pamoja. Ukinunua katriji mpya umenunua na drumu mpya, kwa hiyo maandishi yanarudi kuwa safi kabisa. Mpango mzuri, kwa anayenunua mpya. Hapa kwetu wengi tunajaza. Printa yetu ya kwanza, sitaitaja jina, ilikuwa ya mtindo huu huu wa vyote kwenye katriji moja. Ukijaza mara ya kwanza hutaona tofauti. Ukiendelea kujaza, mstari mweusi unaanza kushuka pembeni mwa ukurasa, halafu kichwa cha barua kinajirudia kwa kivuli chini ya aya ya pili. Nilidhani nimeuziwa wino mbovu. Fundi akafungua, akanionyesha ile silinda ilivyokwaruzika: "Dada, wino upo wa kutosha. Hii drumu ndiyo imechoka." Akaibadilisha pale pale, na kusema kweli drumu za katriji hizo zinapatikana kirahisi mjini. Lakini ukishaanza kulipia wino leo na drumu kesho, ile bei nafuu uliyofurahia mwanzoni unaitafuta huioni.

Ndugu mkubwa wa hiyo P1102, LaserJet Pro M404dn, ni mashine ya ofisi hasa. Inatoa kurasa 38 za A4 kwa dakika, inachapa pande mbili yenyewe, na inaingia kwenye mtandao wa ofisi kwa waya. Katriji yake, 59A, ni ya kurasa 3,000, na ipo 59X ya kurasa 10,000. Jambo la kujua kabla ya kulipa: katriji ina chipu, na HP wenyewe wanaeleza kwamba printa hizi zimekusudiwa katriji zenye chipu yao, na kwamba masasisho ya programu yanaweza kuzuia nyingine. Kama ofisi yenu ina mhasibu anayekubali kununua halisi kila mara, printa hii inawafaa. Kama bosi wenu ni kama wa kwangu, ambaye akisikia bei ya katriji halisi anauliza "hiyo ni printa au gari?", tafuteni kwingine.

Brother nimeitumia Moshi, kwenye ofisi ya shoga yangu anayeandaa hesabu za kodi. Ni HL-L2350DW, ndogo, kurasa 30 kwa dakika, na ina Wi-Fi, kitu ambacho yeye anakipenda kwa sababu wateja wanamtumia nyaraka kwenye simu naye anachapa kutoka simu hiyo hiyo. Hapa drumu imetengwa na wino. Wino unabadilisha peke yake, drumu inakwenda hadi kurasa 12,000 hivi. Kwake yeye inatosha sana. Anayetaka kuinunua aulize bei ya vitu viwili, si kimoja, maana muuzaji atakutajia ya wino tu.

Sasa hii tuliyobaki nayo, Kyocera ECOSYS M2040dn. Inachapa, inatoa kopi, inaskani, kurasa 40 kwa dakika. Drumu yake ni sehemu ya mashine na imeundwa kufikia kurasa 100,000. Unachonunua ni kopo la wino tu, TK-1170, la kurasa 7,200. Ni kama jiko la gesi: mtungi ukiisha unabadilisha mtungi, jiko linabaki lilelile. Mashine ni kubwa, itafutie meza yake. Haina Wi-Fi, na asiye na nyaya za mtandao ofisini aangalie matoleo yenye herufi w kwenye jina. Faksi pia haina, ila sijasikia anayeililia.

Hizo kurasa zinazoandikwa kwenye boksi, zote, zimepimwa kwa ukurasa ambao wino umefunika kama asilimia 5 tu. Barua fupi inaweza kufika huko. Ukiwa na nembo nyeusi kubwa, au unatoa kopi za vitambulisho kutwa nzima, usitegemee. Hata hivyo hesabu ya kulinganisha ni ileile: bei ya wino gawanya kwa kurasa. Tuseme, kwa mfano tu, katriji ya kurasa 1,600 inauzwa shilingi 90,000. Hiyo ni kama shilingi 56 kwa ukurasa. Kopo la kurasa 7,200 kwa shilingi 300,000 ni kama 42. La pili linauma zaidi siku ya kulinunua, na ndiyo maana mabosi wengi huchagua la kwanza.

Umeme nao. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS ya kompyuta, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika. Fyuza inapopata moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS ndogo haiwezi, na watengenezaji wenyewe wanakataza. Kompyuta ikae kwenye UPS, printa ichomekwe ukutani kupitia kilinda umeme.

Na masika. Kuanzia Machi karatasi za hapa zinanyonya unyevu, zinajikunja zikipita kwenye joto, kisha watu wanailaumu printa kwamba inakwamisha. Rimu ikishafunguliwa irudishe kwenye karatasi yake ya nje, iweke kabatini, mbali na sakafu. Tangu tuanze hivyo, kukwama kumepungua sana.

Ukienda kununua, iwe Barabara ya Sokoine au popote, usilipie printa mpaka muuzaji akuletee wino wake mezani uushike. Akikuambia "upo Dar, tunaagiza, kesho wino unakuja na basi," mwombe akuandikie profoma yenye bei ya printa, ya wino na ya drumu kama ipo, uipeleke duka la pili ukalinganishe.