Silabasi ya ISTQB kwa sisi wa mapokezi

Nimefanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli za Malindi miaka mingi, na kila masika, wageni wakishaondoka, tunapewa likizo bila mshahara mpaka msimu urudi. Nikachoka kuishi kwa kungojea ndege za Waitaliano. Binamu yangu akaniambia, "Dada, kazi yako ni kuona kasoro kabla mgeni hajaiona. Jifunze kujaribu programu." Akanielekeza kwenye silabasi ya cheti cha msingi cha ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya wajaribu programu, toleo la 4.0 la mwaka 2023. Inapakuliwa bure pamoja na mitihani ya mazoezi, na haidai uwe umesomea kompyuta.

Sura ya 4 peke yake yatosha kunifanya niisifu. Inafundisha kujaribu mipaka. Tuseme mtoto wa miaka 3 hadi 11 analipa nusu bei. Mtu anayejaribu programu ya hoteli atajaza miaka 7, aone bei ni sawa, aende zake. Silabasi inakwambia ujaze 2, 3, 11 na 12, kwa sababu kasoro hupenda kujificha ukingoni: mtengenezaji ameandika "chini ya 11" na yule wa miaka 11 kamili kaachwa nje. Mimi nimesimama kaunta na familia ya namna hiyo, baba ameshika pasipoti ya mtoto ananionyesha mwaka wa kuzaliwa, na kompyuta inang'ang'ania bei ya mtu mzima. Kumbe upo utaratibu wa kulinasa tatizo hilo mapema! Nilifurahi mno.

Ripoti ya kasoro nayo, iliyo sura ya 5, ukiwa umezoea kitabu cha zamu utaishika upesi. "Bafu la chumba 14 bovu" halimsaidii fundi. "Maji ya moto hukatika bomba la sinki likifunguliwa" linamsaidia. Ongeza hatua za kuirudia, ulichotarajia, ulichokiona na uzito wake.

Ila Kiingereza chake ni kikavu, aya moja huisoma mara mbili. Na zana, yaani sura ya 6, zimetengewa dakika 20 za mafunzo, ilhali sura ya 4 ina 390. Matangazo ya kazi yanataka Jira (ya kufuatilia kasoro), Postman (ya kujaribu mawasiliano kati ya programu) na SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), kwa hiyo hayo yatafute kwingine, na ujizoeze kwa kuandika ripoti za programu za simu unazotumia kila siku.

Mtihani ni maswali 40 kwa dakika 60, na kupita ni majibu 26. Ukifanya kwa lugha isiyo yako ya kwanza unastahili robo ya muda zaidi, yaani dakika 75. Uliza haki hiyo unapojiandikisha. Cheti hakiishi muda.

Ndugu zangu wa mahotelini, someni sura ya 1, kisha mkae sana kwenye ya 4 na ya 5, kabla hamjamlipa mtu yeyote shilingi ya kozi.